Ukija Kwetu Kwale, Uliza Maji Kwanza

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii tumefundishwa tangu shule ya msingi, na mimi nimeitumia katika insha zangu mara zisizo na idadi. Lakini Desemba mwaka jana nilitambua kuwa ina upande wa pili ambao hatufundishwi: mgeni naye anataka kupona, na hawezi kupona ikiwa mwenyeji wake hajui anachosema.

Mlezi wa Chama chetu cha Kiswahili alipotugawia kazi za jarida la mwaka huu, alitaka kila mmoja wetu aandike jambo litakalomfaa msomaji asiye wa hapa, kwa kuwa jarida letu husomwa pia na wenzetu wa shule za bara. Wengine walichagua mashairi, wengine vitendawili. Mimi nikachagua kueleza namna ya kuja kututembelea Kwale: njia ya kupita, majira, mavazi, mambo ya kuona na mambo ya kuogopa. Sikuchagua mada hii kwa sababu ni nyepesi. Nimeichagua kwa sababu maelezo haya niliwahi kuyatoa, tena kwa majivuno, nikasahau jambo moja tu. Jambo hilo moja lilikaribia kumuua mtoto wa shangazi yangu.

Mimi ni mkaazi wa Ukunda na nasoma shule ya kutwa. Babangu alikuwa mpishi katika hoteli moja ya ufuoni mpaka mwaka 2020, korona ilipofukuza wageni na hoteli zikafungwa moja baada ya nyingine. Hakuitwa tena kazini. Siku hizi anaendesha tuktuk. Kwa hiyo nyumbani kwetu neno "mgeni" si neno la methali tu, ni neno la unga. Wageni wakiwa wengi, tunakula samaki. Wakipungua, tunakula mchicha na kumshukuru Mungu.

Shangazi yangu ameolewa Nakuru. Mwanawe tumelingana umri, na alikuwa hajapata kuiona bahari ila katika picha. Aliniandikia ujumbe kwa simu ya mamake: "Nije vipi, na nibebe nini?" Nami nikamjibu kwa simu ya mamangu, ujumbe mrefu kama hotuba ya sikukuu. Nitayarudia hapa niliyomwambia, kisha nieleze nilichosahau.

Kwanza ni njia. Ukitoka Nairobi waweza kupanda basi, au ukapanda treni ya reli mpya iliyoanza kazi mwaka 2017. Treni hiyo haifiki mjini Mombasa kwenyewe, inakomea Miritini. Hapo panda matatu mpaka mjini, kisha uteremke feri ya Likoni. Wenye pesa zao huruka kwa ndege ndogo mpaka Ukunda, lakini sidhani msomaji wa jarida hili ni mmoja wao, na kama ni wewe basi nisamehe. Mwenye gari lake siku hizi si lazima apite feri, kwa maana kuna barabara ya Dongo Kundu itokayo Miritini na kuvuka maji kwa madaraja. La Mteza peke yake ni refu zaidi ya kilomita moja.

Feri ya Likoni ni bure kwa mwenye miguu. Anayelipa ni mwenye chombo. Ukimwona mtu anakuomba nauli ya feri nawe unatembea kwa miguu, jua umepata mjanja. Usikimbie wakati watu wanapokimbia. Feri haiishi, ikiondoka hii inakuja nyingine. Simama mbali na ukingo, weka simu mfukoni, na mizigo iwe mbele yako. Mamangu alikuwa msichana mdogo tarehe 29 Aprili 1994, siku ile feri ya Mtongwe ilipozama ikiwa imejaa watu kupita kiasi. Walikufa watu zaidi ya 270. Mpaka leo mamangu akifika Likoni akaona feri imejaa, husimama kando akangoja ya pili, hata akichelewa. Zamani nilikuwa namcheka. Sasa simcheki tena.

Ukishuka Likoni utawakuta makondakta wanaita kama mnada: "Ukunda Ukunda! Kwale! Msambweni! Lunga Lunga!" Usipande gari lolote kwa sababu umevutwa mkono. Jua waendako. Matatu za Kwale huacha barabara kuu pale Kombani na kupanda kilimani, maana mji wa Kwale wenyewe uko juu, na kuna baridi kidogo ya kumfurahisha mtu wa bara. Za Ukunda zafuata barabara kuu, na aendaye Diani hushuka hapo akachukua tuktuk au bodaboda mpaka ufuoni. Za Msambweni na Lunga Lunga zapita Ukunda zikaendelea kusini. Msambweni ni kama kilomita 50 kutoka Likoni, na Lunga Lunga ndiyo mpakani, ukivuka uko Horohoro, Tanzania. Kuhusu nauli, usimuulize kondakta. Muulize abiria uliyekaa naye, tena mama mwenye kikapu ndiye bora, hasemi uongo na hakubali kuonewa.

Jambo la pili ni majira. Kwetu mwaka una pepo mbili. Kaskazi huvuma kuanzia kama Desemba hadi Machi: joto ni jingi, bahari ni tulivu, maji ni maangavu. Kusi hushika kuanzia Aprili na kuendelea katikati ya mwaka: upepo una nguvu, mawimbi ni makubwa, na vyombo vidogo havipendi kwenda mbali. Masika nayo ni Aprili hadi Juni, na Mei ndiyo mvua yenyewe. Ukija Mei utaona pwani, lakini utaiona kupitia dirishani.

Jambo la tatu ni mzigo. Beba nguo nyepesi, kofia, na viatu vya mpira vya kuingilia baharini, kwa kuwa chini ya maji kuna mawe makali na viumbe wa miiba. Mwanamke abebe leso mbili. Leso ni nguo, ni shuka, ni taulo, ni mkoba, na ukialikwa matangani utapata cha kujitanda. Lala ndani ya chandarua, maana malaria ipo. Ukizidiwa, hospitali kubwa ya rufaa iko Msambweni. Mifuko ya plastiki iache huko huko, imepigwa marufuku nchini tangu mwaka 2017. Pesa nyingi usibebe, M-Pesa yatosha hata kwa muuza madafu, na malango ya hifadhi za wanyama hayapokei pesa mkononi.

Jambo la nne ni adabu. Ufuoni watu huvaa watakavyo, lakini Ukunda, Msambweni na vijijini ni kwingine. Jifunike mabega na magoti. Msalimie mkubwa kabla ya kumuuliza njia. Mtu wa bara hufika na swali mdomoni: "Stendi iko wapi?" Utajibiwa, ndiyo, lakini utajibiwa kwa kifupi. Sema kwanza "shikamoo" ama "salaam aleikum", uulizwe habari za utokako, uulize za hapa, na mwisho wake utasindikizwa mpaka stendi yenyewe. Mwezi wa Ramadhani usitembee ukitafuna barabarani. Ngoja magharibi ifike, utaitwa kufuturu na watu usiowajua.

Hayo yote nilimwambia, na yote alifuata. Akaja na treni, akavuka feri bila kukimbia, akafika Ukunda na leso mbili za mamangu kama zawadi. Nikaona mimi ni mwalimu. Kumbe mwalimu mwenyewe alikuwa hajasoma.

Hapa naomba msomaji nikwambie siri ya sisi watoto wa Ukunda. Bahari iko karibu nasi, lakini si wengi wetu tunaoijua. Kati yetu na maji kuna hoteli na kuta ndefu, na njia za watu wote ni chache na nyembamba. Twaenda ufuoni sikukuu, twapiga mpira mchangani, twarudi. Wavuvi ndio waijuao bahari. Mimi nilikuwa naijua kama mtu amjuavyo jirani asiyemsalimia. Lakini mbele ya mgeni kutoka Nakuru, ningesemaje?

Ilikuwa siku ya pili baada ya mwezi mpevu. Tulifika ufuoni saa nne asubuhi, na bahari ilikuwa imetoka, imekwenda mbali kabisa. Palikuwa na mchanga mweupe, vidimbwi, na mbele yake fungu la mchanga limesimama peke yake karibu na mwamba, kama kisiwa. Binamu yangu akaniuliza, "Mtu anaweza kufika pale?" Nikamjibu bila kufikiri, "Pale? Pale hata mtoto anafika. Maji ni ya magotini."

Na kweli yalikuwa ya magotini. Kati ya ufuo na fungu palikuwa na mkondo mmoja, tukauvuka tukicheka. Tukafika funguni, tukaokota makombe, tukaandika majina yetu mchangani, tukapiga picha. Nilimsimulia mambo ya papa na majini, nusu nikiyabuni. Tukasikia adhana ya adhuhuri kwa mbali. Nikasema, "Bado mapema." Fungu lilikuwa kavu, jua kali, na sisi tulikuwa tunatazama mwamba, kule maji yalikokuwa yakipiga povu. Hatukutazama nyuma.

Nyuma ndiko kulikokuwa na mambo. Maji yakianza kujaa hayaji kutoka mbele kama adui wa sinema. Hupita kwenye mikondo, hujaza kwanza mahali palipo chini, yakamzunguka mtu aliyesimama pakavu. Tulipogeuka, kama saa saba hivi, ule mkondo wa magotini ulikuwa umepanuka na kugeuka rangi, umekuwa wa kibuluu. Fungu letu nalo lilikuwa limepungua nusu. Majina yetu yalikuwa yameshafutika.

Nikamwambia, "Twende upesi." Tulipoingia, maji yalikuwa ya kiunoni, hatua kumi mbele ya kifuani. Binamu yangu hajui kuogelea. Mimi najua kidogo, kuogelea kwa kisimani na mtoni, ambako maji hayakuvuti. Hapo yalikuwa yanavuta. Aliteleza, akazama, akaibuka, akanikamata shingo. Nikazama naye. Wallahi nilisikia chumvi mpaka masikioni. Nilimshika shati, shati likaanza kuchanika, na wazo nililokuwa nalo ni moja tu: shangazi yangu ana mtoto mmoja.

Sikujua mtumbwi ulitoka wapi. Wavuvi wa mitumbwi huingia na maji yanapojaa, hilo nimelijua baadaye. Mzee mmoja alikuwa peke yake na kafi yake, akapiga kelele, "Shika ubao! Usinishike mie, shika ubao!" Tukashika ubavu wa mtumbwi mmoja mmoja, naye akatuburura polepole mpaka miguu ikagusa mchanga. Hakutupandisha, maana mtumbwi ungepinduka. Tulipofika nchi kavu, binamu yangu alitapika maji, kisha akakaa chini akatetemeka kwenye jua la saa saba.

Mzee akanitazama mimi. "We mwana wa wapi?"

"Wa Ukunda," nikajibu.

"Wa Ukunda!" Akatikisa kichwa. "Huyu mwenzio namsamehe, mgeni hajui maji. Wewe je? Uliuliza?"

Sikuwa na jibu. Akasukuma mtumbwi wake akaenda zake, hata jina lake hatukulijua.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Gazi kwa babu, mzaa mama, ambaye amevua samaki miaka yake yote. Sikumweleza yaliyotokea. Nilimuuliza tu, "Babu, mtu hujuaje maji yanajaa saa ngapi?" Akanitazama kwa muda, nadhani alikisia, kisha akanieleza. Sasa nami nakueleza wewe, na hili ndilo jambo ambalo lilikosekana katika ujumbe wangu.

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika usiku na mchana. Kutoka kupwa mpaka kujaa ni kama saa sita, na kila siku mambo yote huchelewa kwa kama dakika 50 kuliko jana. Mwezi ukiandama, na mwezi ukiwa mpevu, ni siku za bamvua: maji hutoka mbali sana na hujaa juu sana, tofauti yake ikawa zaidi ya mita tatu, yaani kumpita mtu mrefu kwa mbali. Siku za mwezi nusu ni maji mafu: hayatoki sana wala hayajai sana. Upande wetu huu, siku za bamvua maji huwa yametoka kabisa kama saa nne hadi saa tano asubuhi, na hujaa kabisa kama saa kumi hadi kumi na moja jioni. Siku za maji mafu mambo hugeuka, asubuhi hiyo hiyo yawe yamejaa.

Tena maji hayajai kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza huja polepole, mtu akadhani ana wakati. Saa ya tatu na ya nne ndizo za mbio. Kwa hiyo babu alinipa sheria moja: anayetaka kwenda funguni au mwambani aende maji yakiwa bado yanatoka, na yakigeuka tu naye ageuke. Asingoje kuona yamejaa. Na asiyejua yamegeuka saa ngapi, amuulize mvuvi. Hailipwi.

Hebu fikiri, ndugu msomaji. Swali lenyewe ni la maneno matatu: "Maji yajaa lini?" Mimi niliyeandika ujumbe mrefu kuhusu leso na nauli, sikuwa na maneno matatu.

Baada ya hapo tulitembea kwa adabu, na kila mahali tuliuliza kwanza. Nitakueleza kwa ufupi tulikokwenda, nawe uende.

Ukiwa Diani utaona ngazi za kamba zimening'inia juu ya barabara. Hizo ni njia za mbega, wale weusi wenye manyoya meupe mabegani, ambao Wadigo huwaita kuluzu. Walikuwa wakigongwa na magari, ndipo wakafungiwa ngazi hizo wavukie juu. Mbega hula majani na hana haja na chakula chako. Tumbili na nyani ndio wezi. Usiwape hata ndizi moja, kwa sababu umpaye leo ndiye atakayemnyang'anya mtoto kesho.

Kusini kidogo ya Diani kuna Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo. Ni mojawapo ya kaya za Mijikenda zilizoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Huingii peke yako, unaongozwa na mwenyeji wa hapo. Utavalishwa kaniki nyeusi. Hutachuma jani, hutaokota hata kijiti, na hutapiga kelele. Niliona aibu kwamba nami nilikuwa naingia kwa mara ya kwanza, bega kwa bega na mtu wa Nakuru, wote wawili tumefungwa kaniki. Kama wazee wasingekuwa na masharti hayo, msitu ule ungekuwa makaa zamani.

Gazi kwa babu, akina mama wamejenga daraja la mbao linalopita ndani ya mikoko. Unatembea juu ya matope bila kuchafuka, ukiona kaa na ndege, na mwisho unaweza kuagiza wali wa nazi na samaki. Tangu mwaka 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni wana mradi uitwao Mikoko Pamoja. Wanalinda mikoko, na kwa kuwa mikoko huhifadhi hewa chafu ardhini, hulipwa kutoka nje, na pesa hizo zimeingia kwenye maji ya mfereji na shule. Gazi ndiko alikokuwa akikaa Mbaruk bin Rashid, Mazrui aliyewapinga Waingereza mwaka 1895. Ukipenda historia, waulize wazee wakuonyeshe nyumba yake.

Ukiwa na siku ya ziada panda Kwale, uingie hifadhi ya Shimba Hills. Hapo ndipo pekee katika Kenya utakapomwona palahala, yule paa mkubwa mwenye pembe zilizopinda nyuma kama jambia. Ndovu pia wapo, na maporomoko ya maji. Nenda asubuhi, kuna ukungu mzuri.

Mwisho wa safari ni Shimoni. Kuna mapango ambamo, wenyeji wanasimulia, watumwa walifungiwa wakingoja majahazi. Wanakijiji wenyewe ndio wanaoyatunza na kupokea wageni. Tulinyamaza humo ndani bila kuambiwa. Kutoka Shimoni unavuka kwenda kisiwa cha Wasini, ambako hakuna gari hata moja, na wenyeji huzungumza Kivumba, lahaja ya Kiswahili ambayo mwanachama yeyote wa chama chetu angepaswa kuisikia kwa masikio yake. Wenye nauli huendelea mpaka hifadhi ya bahari ya Kisite, kuwaona pomboo na matumbawe. Ondoka asubuhi, upepo ukiwa bado mdogo, na usipande chombo kabla hujapewa jaketi la kuokolea ukalifunga. Ukiambiwa "hapa karibu tu, hakuna haja", shuka. Hata mimi nilisema ni hapa karibu tu.

Sasa yamebaki maneno machache, na ndiyo mazito.

Jioni ile tulipofika nyumbani na shati lililochanika, babangu aliuliza kumetokea nini. Kabla sijafungua mdomo, binamu yangu akasema, "Ni mimi, mjomba. Yeye alinikataza, nikamlazimisha." Babangu akamkemea mgeni wetu mbele ya watu wote, na usiku shangazi alipopiga simu, akakemewa tena. Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo, nikitazama sahani yangu ya wali. Sikusema neno. Tulipolala nikamuuliza kwa nini alifanya vile. Akasema, "Mimi naondoka wiki ijayo. Wewe ndiye unabaki na babako."

Nilikaa na jambo hilo miezi mingi. Nilipomaliza kuandika insha hii, kabla ya kumkabidhi mhariri, nilimsomea babangu kibarazani, akiwa anafuta tuktuk yake. Nilipofika penye mtumbwi aliacha kufuta. Nilipofika penye sahani ya wali nilisoma kwa sauti ndogo sana. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kampigie shangazi yako."

Nikampigia, nikamwambia yote. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliuliza swali moja tu: "Na sasa unajua maji yanajaa saa ngapi?" Nikamweleza habari za bamvua na maji mafu, kama nilivyokueleza wewe. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba Desemba hii atakuja mwenyewe, pamoja na mwanawe.

Nawe msomaji, karibu. Feri ni bure kwa mwenye miguu, madafu ni mengi, na watu wa Kwale hawamfukuzi mtu. Ukifika ufuoni ukamkuta kijana wa rika langu anakwambia maji ni ya magotini, mshukuru, kisha mtafute mvuvi umuulize. Na kama kijana huyo ni mimi, usiogope kuniuliza. Safari hii nitakuwa nimeshauliza.

Wasalaam.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, Mwanachama wa Chama cha Kiswahili